Chomoa, Hesabu Kumi

Hakina uso.
Ni kiboksi cha kadiri ya kipande cha sabuni,
kimekaa rafuni, ghala la chini,
nyumba ya shangazi Hilkka, Kuhmo,
kati ya chupa za jamu na gunia la viazi.
Hakina skrini, hakina kibodi.
Waya wa umeme, waya wa mtandao,
na taa moja ya kijani, punje ya mtama,
inayopepesa gizani mtu awepo asiwepo.

Mimi niko Tampere, ghorofa ya nne,
mwendo wa saa sita kwa gari barabara ikiwa njema,
na barabara ya Januari si njema.
Naandika anwani. Naandika nywila,
ambayo haionekani hata ninapoiandika,
na kiboksi kinanijibu kwa kishale cheupe kwenye weusi,
maana yake: nipo, sema.

Nauliza joto. Nyuzi nne.
Naamuru hita. Nyuzi tano.
Wasemao fimbo ya mbali haiui nyoka
hawajawahi kupasha nyumba moto
kutoka kilomita mia tano, wakiwa na soksi miguuni.

Usiku wa nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri
nilitaka kuwa mwangalifu.
Nilifungua daftari la kiboksi nikakuta
wageni mia tatu wamebisha tangu asubuhi,
wakibahatisha nywila, moja baada ya moja.
Nikaandika: funga milango yote,
isipokuwa

na kabla ya neno kufuata
kidole kikabonyeza.

Kikatii.
Ndiyo shida ya mtumishi asiye na uso:
hakutazami akakuuliza, una hakika?
Kishale kikaganda.
Na hita nilikuwa nimeizima tangu saa kumi na moja,
bei ya umeme inapopanda,
nikijiambia nitaiwasha saa nne.
Saa nne ilikuwa imefika.
Maji yalikuwa ndani ya mabomba, yakisubiri kuwa mawe.

Nikampigia Urpo, jirani, miaka sabini na minane,
ambaye kompyuta pekee aliyoigusa ni ya benki,
nayo ilimmeza kadi.
"Tuire," akasema, "baridi hii hata mbwa wangu ameikataa."
Kimya. Kisha nikasikia anavuta buti.

Nilimsindikiza kwa simu:
pumzi yake, theluji inayolia chini ya nyayo
kama mtu anayetafuna chumvi ya mawe,
ufunguo chini ya ndoo ya majivu, ngazi kumi na mbili.
"Nakiona. Kinapepesa. Kina afya kuliko mimi."
"Chomoa waya. Hesabu kumi. Rudisha."
"Kitaumia?"
"Hapana. Kitasahau tu."
Maana amri yangu ya kijinga sikuwa nimeihifadhi,
na kisichohifadhiwa huondoka na umeme.

Moja, akahesabu, mbili, kwa sauti, kama anayepima unga.
Kwenye saba akanyamaza.
"Jamu hii ni ya mwaka gani?"
"Ya mwisho aliyoipika."
"Nane," akasema.

Shangazi yuko Kajaani, kwenye nyumba ya wazee.
Miaka tisa hatukusemezana kwa sababu ya nyumba hii,
na sasa kila Jumapili ananipokea
kama niliyetoka kununua maziwa,
ananiita jina la mama yangu, ananishika mkono.
Sijui kama huo ni msamaha
au ni umeme uliokatika tu.
Sijawahi kuuliza. Nakaa, nakunywa kahawa yake baridi.

"Kumi."

Dakika moja na nusu.
Kisha, kwenye weusi, kishale.
Nauliza joto. Nyuzi moja.
Naamuru hita, naandika polepole, nasoma mara mbili.

"Kimekutambua?" akauliza Urpo,
meno yakigongana.
"Kimenitambua."
"Basi naondoka na chupa moja."